Sakafu Iliyoturusha

Mwanamke aliyenifundisha sarakasi alinikuta nikitoka mtoni na jerikeni mgongoni. Kwetu Kanyangi maji tunayabeba kwa mukwa, ule mkanda unaopita kwenye paji la uso, hivi kwamba shingo ndiyo inayofanya kazi na mikono inabaki huru. Siku hiyo nilikuwa nimewatangulia wenzangu, nimeinama, naangalia nitakapokanyaga, niliposikia sauti ikisema, "Simama hapo. Usitue."

Nikasimama. Alikuwa mwanamke mfupi aliyevaa trakisuti na raba nyeupe ambazo vumbi letu lilikuwa limeshazibadilisha rangi. Sikumjua. Akazunguka nyuma yangu, akaweka viganja viwili juu ya jerikeni, akaigandamiza. Magoti yangu yakatikisika kidogo, kisha yakatulia. Ndipo akaning'inia. Kweli kabisa, aliinua miguu yake kutoka ardhini akaning'inia pale nyuma kama mtoto anayebebwa, na mimi nikabaki nimesimama wima, si kwa ushujaa, bali kwa sababu nilijua nikianguka maji yatamwagika na nitarudishwa mtoni.

"Mama yako yuko wapi?" akauliza aliposhuka.

"Yuko shamba. Anavuna ndengu."

"Nipeleke kwake."

Njiani alinieleza kwamba ni mwalimu wa sekondari pale Kabati, na kwamba kwao ni Makueni, upande wa Wote. Alipokuwa msichana alizunguka nchi nyingi na kundi la wanasarakasi. Yeye ndiye aliyekuwa anarushwa hewani. Sasa alitaka kuunda timu ya wasichana watatu ya kwenda kushindana nje: mmoja wa chini, mmoja wa kati, mmoja wa juu. Wa kati alikuwa naye. Wa juu alikuwa naye. Wa chini ndiye aliyekuwa amemtafuta muda mrefu, kila soko na kila shule, na hakumpata.

"Wa chini kazi yake ni gani?" nikauliza.

"Kazi yake ni kukataa kuanguka," akasema.

Mama alimsikiliza akiwa amesimama katikati ya shamba, mkono mmoja kiunoni. Mama yangu ni mtu wa kanisa, kiongozi wa kina mama, na swali lake la kwanza nilikuwa nimeshalikisia.

"Na atavaa nini?"

"Tutashona nguo inayofaa, mwaitu," mwalimu akajibu. Alimwita mwaitu kwa heshima, kama tunavyowaita mama zetu. "Huu ni mchezo kama mbio. Una sheria, una waamuzi, una mashindano ya nchi na nchi."

Mama akatikisa kichwa. Aliyeokoa mambo ni nyanya yangu, susu, ambaye alikuwa amekaa kivulini akipepeta ndengu kwenye uteo. Alianza kucheka polepole, kisha akashindwa kujizuia. Akasema kwamba yeye alipokuwa kigori walicheza mbeni, ngoma ikilia na vijana wakiruka hewani, wasichana wakirushwa juu ya mabega.

"Mimi nilirushwa mpaka nikaona paa la nyumba," akamwambia mama. "Na bado nikakuzaa wewe, ukaenda kanisani. Sasa shida iko wapi?"

Mama akarudi kuvuna. Kwetu hiyo ni ruhusa.

*

Wa kati alikuwa binti wa familia ya Kiislamu ya Kitui mjini, babu zake walitoka pwani, na Kiswahili chake kilikuwa laini mpaka nikaona aibu kufungua mdomo mbele yake. Siku ya kwanza nilimwambia, "Leta mkono yako," akanitazama kwa huruma na kusema, "Dada, mkono *wako*. Mkono yako ndio nini?" Tukacheka sote wawili, na kuanzia hapo ikawa mchezo: nikikosea anapanda mabegani mwangu bila kuniarifu. Alinizidi urefu lakini alikuwa mwembamba, na alikuwa na utulivu wa ajabu. Ukimsimamisha kwenye mapaja yako na mikono yake ikiwa juu, anapumua kama mtu aliyelala.

Wa juu alitoka Tulia, ambako mama yake anauza nyanya na vitunguu sokoni. Alikuwa mdogo wetu, mwepesi, mwenye maneno mengi na tumbo lisilojaa. Alikuwa haogopi kitu. Nilimuuliza siku moja anafikiria nini akiwa kule juu, amesimama kwa mikono yake, kichwa chini miguu juu.

"Muthokoi," akasema. Ndicho chakula chetu cha mahindi ya kukoboa na maharagwe.

Ukumbi wa shule pale Kabati ulikuwa wa saruji, na magodoro yalikuwa machache na membamba. Kwa hiyo mazoezi ya kutulia tulifanya ukumbini, lakini ya kurusha Madam, ndivyo tulivyomwita mwalimu, alituleta kwetu Kanyangi, kwenye mto ambao karibu mwaka mzima ni mchanga mtupu. Kila Jumamosi tulishuka pale mapema. Wachota maji walikuwa upande mmoja wakifukua visima vyao, na sisi upande mwingine tukipiga samasoti.

Mchanga ni mwalimu mkali. Ukianguka unakusamehe, lakini ukitaka kuruka unakunyima. Unakanyaga kwa nguvu zako zote, na nusu ya nguvu hizo mchanga unazimeza. Mimi na wa kati tulishikana vifundo vya mikono tukatengeneza kiti, wa juu akasimama juu yake, tukashuka pamoja kwa magoti na kumsukuma juu. Mwanzoni alipanda kidogo tu, akashuka analalamika kwamba hata hajaona ng'ambo ya mto. Tulisukuma mpaka mapaja yakawaka moto. Baadaye akaanza kuzunguka hewani mara moja na kudakwa. Baadaye tena, siku ambayo sitaisahau, akazunguka mara mbili. Tulimdaka. Tukatazamana. Wale kina mama wa visimani waliacha vibuyu vyao wakapiga vigelegele, na Madam akakaa chini kwenye mchanga, trakisuti na yote, akafunika uso kwa mikono.

"Tena," akasema kutoka nyuma ya vidole. "Kabla hamjasahau."

Ndipo likaja lile swali la nguo. Mama wa wa kati alisema binti yake atakwenda akiwa amesitirika, la sivyo hatakwenda. Mama yangu naye alikuwa bado na swali lake la shambani. Sheria za mchezo zinataka timu ivae sare, na zinaruhusu nguo ya kufunika mikono na miguu. Madam akatuuliza tunasemaje. Wa juu akajibu kabla hatujafikiri: "Basi sote tuvae hivyo. Na kichwani pia. Nywele zangu zenyewe zinanisumbua."

Fundi mmoja wa Kabati, mama anayeshona sare za kwaya, alitushonea suti za kijani kibichi kutoka kifundo cha mkono hadi kifundo cha mguu, na kofia za kubana za kitambaa hichohicho. Kifuani alitia mistari ya rangi kama ile ya vyondo, vikapu vyetu vya kusuka. Mama yangu alipoziona aliishika moja akaigeuza mbele na nyuma, akaanza kucheka.

"Kumbe ni mtoto wa Kiislamu amenisaidia," akasema. "Nimeomba miezi yote hii, na jibu lilikuwa Kitui mjini."

Jumapili kabla ya safari, mchungaji alituomba tuonyeshe kanisa kile tunachokwenda kufanya, ili watu wajue wanachokiombea. Baada ya ibada tukasimama uwanjani, na mama wa wa kati alikuwepo pia, amekaa kwenye kiti cha heshima karibu na kwaya. Nilichuchumaa, wa kati akapanda mabegani mwangu, nikainuka. Wa juu akatupanda sote wawili kama ngazi, akashika mikono ya wa kati, akajiinua taratibu mpaka nyayo zake zikaelekea mawinguni. Nilisikia mbuzi akilia mbali. Wa juu aliposhuka, kelele zilizopigwa ziliwatisha kuku wa mchungaji.

Mchungaji akajipangusa jasho. "Niliambiwa niwaombee hawa watoto wasianguke," akasema. "Mimi ndiye nilikuwa karibu kuanguka."

*

Mashindano yalikuwa Ureno. Safari ya ndege nayo ni hadithi yake, lakini nitasema tu kwamba wa juu alikula chakula chake, na changu, na nusu ya cha Madam.

Ukumbi ule! Tulipoingia siku ya mazoezi tulisimama mlangoni tukizuia njia. Taa kama mchana wa Januari. Bendera zimepangwa dari nzima, na tukaanza kuitafuta yetu kwa vidole, na wa kati akaiona kwanza akapiga kelele ambayo hakuna mtu Kitui angeamini imetoka kwake. Wasichana kila upande, nywele zimebanwa, wanazungumza lugha ambazo sikuzijua hata kwa sauti. Kundi moja lilikuwa linarusha mtoto wao juu kiasi kwamba nilimwona akipotea kwenye mwanga kisha akarudi.

Zamu yetu ilipofika tukapanda sakafu. Nilikanyaga hatua ya kwanza na kusita. Ilikuwa hai. Chini ya zulia kulikuwa na springi, na kila nilipoweka mguu, sakafu ilinijibu.

"Iko namna gani?" Madam akauliza kutoka pembeni.

"Inanisukuma, Madam."

"Anzeni na mrusho wa mara moja. Polepole."

Tukashikana vifundo, wa juu akapanda, tukashuka, tukasukuma. Tulisukuma kama tulivyozoea, kwa nguvu zote za mchanga. Na wa juu akaenda. Alipanda mpaka nikaona nyayo zake zikiwa ndogo. Alizunguka mara moja kama tulivyopanga, akamaliza, na bado alikuwa anapanda. Nilimsikia akisema "Aiya!" kule juu. Kisha akaanza kushuka, si mahali tulipomngojea bali nyuma yetu. Nikageuka nikarukia, nikamdaka kwa kifua na uso. Tukaanguka pamoja. Kiwiko chake kiligonga pua yangu na damu ikatoka, ikadondoka kwenye lile zulia safi la bluu.

Wa juu alikaa juu ya tumbo langu, macho yamemtoka. Nilifikiri analia.

"Tena!" akasema. "Mwambie Madam tena! Nimeona ukumbi wote!"

Lakini haikuwa jambo la kucheka. Tulijaribu tena, akapita upande wa pili. Nilijaribu samasoti zangu mwenyewe, nikatua nje ya mstari. Wa kati, yule asiyetikisika, aliruka akajikuta amekaa. Muda wetu wa sakafu ulikuwa unakwisha na watu walianza kututazama, wengine kwa huruma. Katika mchezo huu huruma ni mbaya kuliko kicheko. Nilihisi miguu yangu, miguu iliyobeba maji tangu utotoni, imegeuka kuwa ya mtu mwingine.

Madam akatuita. Sikuwahi kumwona ametulia hivyo.

"Wekeni yule mtoto chini," akasema. "Fungeni macho, nyote watatu. Rukeni mahali mlipo. Kidogo tu, kama mtu anayepima kitanda."

Tukafunga macho, tukaruka.

"Mchanga mlikuwa mnausukuma," akaendelea. "Hii inawasukuma yenyewe. Lakini haifanyi haraka. Mkiikanyaga inashuka, halafu inarudi. Nyinyi mnaondoka kabla haijarudi, ndiyo maana mnaenda upande. Ingojeeni. Isikilizeni."

Tuliruka na kuruka, macho yamefungwa, kofia zetu za kijani zikipanda na kushuka, mbele ya timu za nchi zote zile. Sijui tulionekanaje. Lakini muda kidogo nikaanza kuisikia. Unakanyaga, inazama, kuna kimya kifupi sana, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kuzungumza, ndipo inakuja. Ukisukuma kwenye kile kimya, umekosea. Ukisukuma inapokuja, hubebi kitu. Nilifumbua macho nikamkuta wa kati ananitazama, anatabasamu.

"Umeisikia?" akauliza.

"Nimeisikia."

"Leta mkono wako, basi."

Tukamrusha wa juu mara moja tu, kabla kengele haijalia. Akapanda moja kwa moja, akazunguka, akashuka katikati ya mikono yetu kama kitu kilichorudishwa mahali pake. Nilikuwa na pamba puani na nilikuwa nacheka.

*

Kwenye mchujo unafanya mazoezi mawili. La kwanza ni la kutulia: mnajenga umbo na kulishika bila kutikisika mpaka waamuzi waridhike. Hilo tulilijua. Nilimbeba wa kati, wa kati akambeba wa juu, na mimi nilitazama bango moja lililokuwa mbele yangu na kusoma herufi zake zote bila kuelewa hata neno moja. Hakuna aliyetikisika. Watu wakapiga makofi, na nikaona wale waliotuhurumia jana wakiguswa mabega na wenzao, kama kusema, tazama hawa.

La pili, la kurusha, tulilifanya kwa tahadhari. Tulipunguza. Wa juu alitua sawa lakini alinung'unika mpaka kwenye benchi kwamba tumemrusha kama mzigo wa vitunguu. Tulipoingia fainali ilikuwa kwa nafasi ya mwisho kabisa. Jina la nchi yetu lilijitokeza chini ya ubao, na baada yake ulichorwa mstari, na chini ya mstari walikuwa wale waliokwenda kubadilisha nguo. Madam alitazama ule ubao muda mrefu, kisha akatugeukia.

"Hakuna mtu anayewatazamia chochote leo," akasema. "Kwa hiyo mko huru. Mara mbili?"

Mrusho wa kuzunguka mara mbili hatukuwa tumeujaribu kwenye sakafu ile. Wa juu alikuwa ameshainua mkono, kama yuko darasani.

Muziki wetu ulianza kwa ngoma. Nakumbuka vipande tu. Samasoti zetu tatu za pamoja, na sauti ya miguu sita ikitua kama miwili. Wa kati akiwa amesimama mapajani mwangu, akinong'ona, "Pumua, dada, umenuna." Kisha tukashikana vifundo, wa juu akapanda, na ukumbi mzima ukawa mbali. Tukashuka. Sakafu ikazama. Tukangoja. Nakwambia tulingoja, hata nafikiri moyo wangu nao ulingoja. Ikaja, na tukasukuma.

Alipanda kwenye mwanga. Akazunguka, na akazunguka tena, bila haraka, kama mtu mwenye nafasi ya kutosha. Nikaona mistari ya vyondo kifuani mwake ikigeuka kuwa duara. Nilinyoosha mikono, wa kati akanyoosha yake, na yule mtoto akaangukia mikononi mwetu kwa uzito ambao nilikuwa naujua vizuri kuliko uzito wa kitu chochote duniani.

Sijui kilichofuata kilikuwa kelele au ukimya. Nilijua tu kwamba tumesimama na mikono juu, na wa juu anasema kati ya meno, bila kuacha kutabasamu kwa waamuzi, "Nimeona! Nimeona! Nimeona!"

Tulikaa kwenye benchi na Madam katikati, ameshika mikono yetu yote aliyoweza kuishika. Alama zikatoka. Tulipanda juu ya timu moja. Timu nyingine zikaja, wengine wakatupita, mmoja akaanguka, mmoja akakanyaga nje. Mwishoni ubao ukasimama, na sisi tulikuwa wa nne.

Tulipiga kelele kiasi kwamba kamera ilitugeukia badala ya washindi. Wasichana waliopata medali ya fedha walitutazama kwa mshangao. Hawakuelewa ni vipi watu wa nne wanaweza kulia na kuruka hivyo. Madam alikuwa akizunguka mahali pamoja, mikono kichwani, akiimba kitu cha Kikamba ambacho sikuwahi kumsikia akiimba.

Nikampigia mama simu.

"Tumekuwa wa nne!" nikapiga kelele.

"Wa nne kati ya nani?"

"Kati ya nchi zote zilizokuja, mwaitu! Dunia!"

Nikasikia akiwaeleza watu walio karibu naye, na kelele ikaanza upande ule. Kisha akarudi kwenye simu.

"Na hao watatu wa mbele," akauliza kwa makini, "ni watoto wa nani?"

*

Asubuhi iliyofuata hatukuwa na kazi hadi saa ya kwenda uwanja wa ndege, na Madam akatuachia turudi ukumbini kuaga. Walikuwa wanaanza kushusha bendera. Upande wa nyuma, nyuma ya pazia, tulikuta njia ndefu nyembamba yenye springi, ile ya wanaoshindana kupiga samasoti mfululizo kwa kasi, na kando yake wamekaa wasichana wa nchi mbalimbali, wengine na medali shingoni, wakingoja zamu. Hakukuwa na mwamuzi. Mmoja wao, msichana mrefu wa timu iliyotushinda, akaniona, akasogea pembeni na kunionyesha njia kwa mkono: karibu.

Nilitazama mwisho wa ile njia. Ilikuwa ndefu kuliko kitu chochote nilichowahi kukimbilia. Mimi ni mtu wa chini. Kazi yangu ni kusimama na wengine wapae. Sikuwahi kukimbia na kuruka bila kumfikiria mtu aliye juu yangu.

"Nenda, dada!" wa kati akasema.

Nikavua viatu nikaanza kukimbia. Nilipiga ya kwanza, na njia ikanirudisha juu, ya pili, ya tatu, nikaacha kuhesabu. Dari na zulia vilibadilishana nafasi, na wasichana wa kila lugha wakawa wanapiga makofi kwa mpigo wa miguu yangu, haraka, haraka zaidi. Ile ya mwisho niliipa nguvu zangu zote. Nilipanda, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikaona ukumbi wote kutoka juu.

Nilitua kwenye magodoro kwa makalio. Nilisikia wa juu akicheka kuliko wote. Nikainuka, nikakimbia kurudi mwanzo wa foleni.